Kasuku wa Rubondo, lakini kwanza Saanane

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, naishi Kirumba hapa Mwanza. Kikoba chetu kinavunjwa Juni na fungu langu nataka niende nalo hifadhi ya kisiwa cha Rubondo nikaone ndege wa msituni, hasa wale kasuku. Mume wangu anasema ni kutupa hela, ndege wamejaa ufukweni. Likizo naweza kuichukua Julai au kuisogeza hadi Desemba. Darubini nimeazima. Je, siku moja inatosha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo hajakosea sana. Mimi mwenyewe nilinaswa nikisubiri kivuko cha Kamanga: mnandi juu ya nguzo, kakunjua mbawa zote mbili zikauke, kama mtu aliyeanika kanga. Nilikuwa na miaka 52, na kivuko kiliniacha.

Siku moja haitoshi hata kidogo. Ukivuka daraja la Kigongo-Busisi, ukapita Sengerema na Geita, ukafika Nkome na kupanda boti, utashuka kisiwani jua likiwa kali na ndege wamenyamaza. Msitu huongea alfajiri. Lala usiku mbili, tatu ukiweza. Ukitaka safari fupi ya majini, zunguka kwa Chato uvukie Kasenda. Boti uipange na hifadhi mapema, na kitambulisho cha NIDA usikisahau, maana kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni ni mbingu na ardhi. Pesa taslimu hawapokei.

Mimi ningesogeza hadi Desemba. Julai upepo wa kusi huchafua ziwa, na mwenye kichefuchefu haoni ndege. Desemba mvua utaikuta, sikufichi, ila wageni kutoka Ulaya, mbayuwayu na wenzake, wanakuwa wameshafika. Tena asubuhi baada ya mvua, miti ikiwa bado inadondosha maji, ndipo hondohondo hupita juu wakipiga kelele, na mbawa zao utazisikia kabla hujawaona.

Sasa hao kasuku. Kwao ni misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Wa Rubondo ni wale waliokamatwa kwenye biashara haramu wakaachiwa kisiwani mwaka 2000. Rangi ya majivu, mkia mwekundu. Nimekwenda mara tatu na nimewaona mara moja tu: mluzi juu ya vilele, mikia minne, kwisha. Ukiwafuata wao peke yao utarudi umenuna. Muombe askari akupitishe kwa boti kandokando ya mafunjo, uwatazame mdiria, mbizi na yangeyange. Huko hulipi kwa shingo kuuma, wako usawa wa macho.

Nguo: acha bluu na nyeusi nyumbani. Mbung'o wanazipenda rangi hizo. Mimi nilivaa kitenge cha bluu siku ya kwanza, nikatembea njia nzima nikijipiga makofi kama mtu mwenye deni. Kijani kibichi au kahawia, mikono mirefu. Vidonge vya malaria wewe ndiye wa kunishauri.

Darubini ya kuazima ina kasoro moja: imewekwa kwa macho ya mwenyewe. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jani lionekane vizuri kwa la kushoto. Kisha fumba la kushoto, zungusha pete ya jicho la kulia tu. Mazoezi haya yafanyie kisiwa cha Saanane Jumamosi moja. Boti ni dakika chache kutoka mjini, na pimbi watakutazama juu ya mawe.

Na huyo mzee umchukue siku hiyo. Mketishe karibu na maji umtafutie furukombe. Akirusha kichwa nyuma na kupiga ule ukelele wake, usimtazame ndege, mtazame mumeo. Akiendelea kuongea habari za hela, Rubondo nenda na shoga yako.