Maswali Yenu: Njia ya Monduli Huanzia Kidato cha Tano

Nasoma kidato cha tano, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), shule ya bweni hapa Dodoma. Nataka kuwa ofisa wa JWTZ. Fomu ya Chuo cha Kijeshi Monduli inapatikana wapi? Na HGL inanizuia?
Kijana, Dodoma Mjini

Fomu hiyo haipo, na wapo wanaopoteza mwaka mzima wakiitafuta. Monduli hakuombwi kama unavyoomba UDOM. Anayekwenda pale kuwa ofisa mwanafunzi ni yule ambaye jeshi limeshamwandikisha na kumteua. Nafasi za kuandikishwa hutangazwa na Makao Makuu ya Jeshi, na matangazo ya miaka ya karibuni yamedai cheti cha JKT, kitambulisho cha taifa, vyeti halisi na umri usiozidi miaka 24 kwa wenye elimu ya sekondari. Mlango wako wa kwanza, basi, ni mafunzo ya JKT ya mujibu wa sheria baada ya mtihani wa kidato cha sita. Ukipangiwa Makutupora hapo jirani au Bulombora kule Kigoma, ripoti. Anza mapema kutafuta vifaa: bukta ya bluu iliyokoza inayofika magotini, yenye mpira kiunoni na isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba za michezo, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za bluu bahari na nauli ya kwenda na kurudi. Soma orodha ya mwaka wako kabla ya kununua.

HGL haikuzuii. Anayelenga uhandisi au udaktari jeshini ndiye anayehitaji sayansi. Wewe komaa na ufaulu.

Binti yangu yuko kidato cha tano, ana miaka 17. Cheti cha kuzaliwa kinasema Elizabeti, cha kidato cha nne kinasema Elizabeth, na jina la babu limo kwenye kimoja tu. Ana ndoto ya jeshi. Nihangaike sasa au nisubiri?
Mzazi, Kongwa

Hangaika sasa, mama. Kijana anaweza kukimbia vizuri na kufaulu vizuri, akakwama mezani kwa herufi moja. Anayekagua hamjui binti yako. Anachokiona ni karatasi mbili zenye majina mawili.

Kiegemeo chenu kiwe cheti cha kidato cha nne, kwa sababu jina la kidato cha sita hulifuata hilo, na kulibadili baada ya mtihani ni kazi nzito. Kwa hiyo kinachosogezwa ni cheti cha kuzaliwa. Nenda ofisi ya RITA ya wilaya na cheti chenyewe, cha kidato cha nne na nakala zake, uombe marekebisho. Hapo unaweza kutakiwa hati ya kiapo kueleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Hakikisha inataja majina yote kama yalivyoandikwa, herufi kwa herufi.

NIDA ije mwisho. Akitimiza miaka 18, ajaze fomu kwa kunakili kutoka kwenye vyeti vilivyokwisha kulingana. Wengi hufanya kinyume: wanakimbilia namba ya NIDA kwa jina la mazoea la nyumbani, halafu wanakuwa na nyaraka tatu zinazopingana badala ya mbili.

Nafanya mazoezi ili niwe tayari kwa JKT. Nimekimbia kilomita 6 kila siku kwa wiki mbili, sasa muundi unauma. Niendelee nikaze?
Msichana wa kidato cha sita, Mpwapwa

Hapana, mdogo wetu, simama kwanza. Pumzi hujengeka haraka, mfupa huchelewa, na ndiyo maana ulijiona unaweza kumbe mguu ulikuwa bado. Bonyeza muundi kwa kidole. Maumivu yakitambaa sehemu ndefu ya upande wa ndani, pumzika hadi utembee bila kuumia. Yakiwa yamejikusanya mahali padogo kama sarafu, au yakikuamsha usiku, nenda hospitali. Huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Ukirudi, kimbia siku tatu kwa wiki, zisizofuatana: dakika 2 za mbio nyepesi, 1 ya kutembea, mara 8. Kila wiki ongeza dakika moja kwenye mbio na upunguze idadi ya mizunguko, jumla isizidi dakika 30. Mchakamchaka wa shule nao ni mazoezi, uuhesabu. Acha lami, tafuta njia ya udongo, na tupa raba zilizolika kisigino. Kimbia alfajiri, kabla ya jua na upepo wa vumbi wa kiangazi chetu.

Pushapu nazo zina mpango wake. Kama mwisho wako ni 8, piga 4 mara tano, mgongo umenyooka. Nane za kiuno kilicholegea hazikujengi.

Pima pia macho, masikio na meno likizo hii. Jino linatibika Desemba; kambini litakutesa.

Kuna mtu anasema kwa laki tano atamwingiza kaka yangu jeshini. Amesema tusimwambie yeyote.
Msomaji, Manyoni

Ni tapeli. Nafasi za jeshi haziuzwi. Msimpe hata nauli, wala nakala ya vyeti wala namba ya NIDA. Hifadhini meseji zake zote na mpigie TAKUKURU namba 113, ni bure.