Simu inasema sukari imeshuka, mashine inasema imepanda

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 52, ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Newala. Nina kisukari aina ya pili, uzito kilo 94, natumia metofomini na glibenklamidi. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam kaniwekea kwenye simu programu ya kisukari na kupunguza uzito. Juzi asubuhi kabla ya kula mashine ya kupimia sukari ilileta 8.9. Nikaiandika kwenye simu, ikawaka nyekundu: sukari iko chini mno, kunywa kitu kitamu haraka. Nikanywa soda. Tena chakula changu haikijui, nikitafuta ugali wa muhogo inaniletea tambi. Na imenipangia kalori 1,200 kwa siku. Niifute?
Karani, Newala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiifute, ila hiyo soda imenikera.

Programu yako imewekwa kwa kipimo cha Marekani, miligramu kwa desilita. Mashine yako inasoma milimoli kwa lita. Wewe karani wa korosho unaijua kangomba, ule ununuzi haramu wa korosho kwa vipimo vya ujanja: mzigo ni uleule, kipimo ndicho kimegeuzwa. Zidisha 8.9 mara 18 upate 160. Simu ilipoona 8.9 ikadhani unakata roho, kumbe ulikuwa umepanda, maana wengi wetu tunalenga 4 hadi 7 kabla ya kula. Ingia kwenye mipangilio, tafuta vipimo, chagua mmol/L. Ukishindwa mpigie mwanao, kazi aliianza yeye.

Sasa hizo kalori 1,200. Hapa ndipo ninapokuogopea, kuliko hata kwenye soda. Simu haijui kwamba unameza glibenklamidi. Dawa hiyo inakamua kongosho litoe insulini, umekula au hujala. Ukikata chakula ghafla huku dozi ni ileile, sukari itaporomoka kweli, labda ukiwa peke yako shambani. Metofomini ikiwa peke yake haina tabia hiyo sana. Basi kabla ya kufuata hesabu ya simu, nenda kliniki useme, "Nataka kupunguza chakula, dawa zangu zikoje?" Huenda dozi ikapunguzwa. Ukitetemeka, ukatokwa jasho jembamba au ukachanganyikiwa, pima. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, kisha pima tena baada ya dakika 15. Soda ina kazi siku hiyo, si ile juzi.

Kuhusu ugali, programu nyingi zina kitufe cha kuongeza chakula chako mwenyewe. Pima unga mkavu unaoingia sufuriani. Usikubali kuandikiwa ugali wa mahindi: unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu, protini yake haifiki hata nusu ya ile ya mahindi. Kwa hiyo tonge lipungue, mbaazi, samaki na kisamvu viongezeke. Kisamvu cha nazi nzito uandike na nazi yake, usiidanganye simu.

Na korosho za kutafuna ofisini nazo ziandikwe! Hazipandishi sukari sana, ila gramu 100 zina kalori kama 550, na mkono wa karani hauhesabu. Juisi ya mabibo ni sukari, hiyo acha.

Uzito usiukimbize. Kwa kilo 94, asilimia tano ni kilo tano kasoro kidogo, na hapo tayari sukari na presha huanza kusikia. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2017 ulionyesha karibu nusu ya waliosimamiwa kupunguza uzito walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa mwaka mmoja baadaye, lakini walichaguliwa, walikuwa na wahudumu wa kuwafuatilia, na hawakuwa wamekaa na ugonjwa zaidi ya miaka sita.

Programu zenyewe zinasaidia kiasi. Uchambuzi wa tafiti 14 uliotoka 2016 ulikuta HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ikishuka kwa karibu nusu asilimia. Kwa hiyo siku ya kliniki fungua simu, mwonyeshe daktari namba za asubuhi na za saa mbili baada ya kula. Akikuambia hana muda, ziandike kwenye karatasi umwekee mezani.

Ukiona programu nyingine inayodai kupima sukari kwa kidole juu ya kamera, au saa isiyotoboa ngozi, achana nayo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu saa na pete za namna hiyo Februari 2024. Pesa hiyo nunulia stripu, vile vijikaratasi vya kupimia vya mashine yako.