Harufu ya banda la kuku: anza na maji

Dada, umesema jirani yako hapo mtaani Umoja analalamikia harufu ya kuku wako 12. Kuku 12 tu hawatoshi kumkimbiza jirani. Kinachonuka ni unyevu: kinyesi kikilowa, amonia, gesi yenye harufu kali, inatoka. Chota kiganjani maranda ya mbao yaliyotandazwa bandani, uyafinye. Yakishikana kama tonge la ugali, yatoe yote. Yangu yalikuwa yanalowa palepale kwenye chombo cha maji. Nilikiinua kwa matofali hadi usawa wa mgongo wa kuku, harufu ikapungua sana. Tandaza maranda makavu, kina cha inchi 4 hivi, na kinyesi cha chini ya fito wanazolalia kizoe kila asubuhi. Matundu ya juu usiyazibe, hata wakati wa baridi ya Julai. Manukato ya kupulizia? Achana nayo. Mbolea mpe mwenye sukuma wiki, ila aiache ioze kwanza, mbichi inaunguza.