Jibu: PETG inabonyea kwenye kona, na kona mbili hazilali sawa

Mkuu, nimesoma swali lako. Unajenga mfumo wa kupoza kompyuta kwa maji, una paipu za PETG (plastiki ngumu inayolainika kwa moto) za milimita 10 kwa ndani na 14 kwa nje, mpira wa silikoni umeutia ndani, blowa ya hewa moto unayo, na bado kila kona inabonyea upande wa ndani. Tena paipu yenye kona mbili, inayotoka kwenye kadi ya picha kwenda kwenye rejeta, ukiiweka mezani inayumba. Wachangiaji waliotangulia wamekushauri ununue seti ya vifaa vya kukunjia. Mimi naona fedha yako itulie kwanza, kwa sababu kwa maelezo yako kona inaharibika kabla hujaikunja, ungali unaipasha moto.

Piga hesabu kidogo. Kona ya digrii 90 ni robo ya duara. Kwa paipu ya milimita 14, kona isiyobana sana huwa na nusu kipenyo cha kama milimita 30, ukipimia katikati ya paipu. Zidisha 30 kwa 1.57, unapata milimita 47. Huo ndio urefu wa paipu unaoliwa na kona moja. Wewe umeandika kwamba unapasha "pale pale pa kukunja, kama sentimita tatu". Hizo nyingine karibu mbili zitoke wapi? Plastiki baridi haikunjiki, basi kona nzima inalazimika kupita kwenye kipande kifupi kilicholainika. Ukuta wa nje unavutika na kuwa mwembamba, wa ndani unakosa pa kwenda, unajikusanya. Pasha sentimita saba, uwe na akiba kidogo kila upande. Hili peke yake litaondoa nusu ya tatizo lako.

Namna ya kupasha nayo ina mambo yake. Usiishike blowa mkononi. Isimamishe mezani ikitazama juu, au ifunge kwenye jiliwa, ili mikono yote miwili ibaki kwenye paipu. Kaa sentimita nane hadi kumi kutoka mdomo wa blowa, zungusha paipu bila kusimama, huku ukiipeleka kushoto na kulia katika zile sentimita saba. Mikono izunguke kwa mwendo mmoja. Paipu ikishaanza kulainika, mkono mmoja ukitangulia unaisokota, na msokoto huo hutauona mpaka ukunje. Halafu utalaumu vipimo.

PETG huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi za Sentigredi, akriliki (plastiki nyingine ya paipu hizi) kwenye 105, lakini hapo zinakuwa zimelegea tu, hazijawa tayari kukunjwa. Usizitafute namba hizo kwenye kioo cha blowa, kwa sababu hewa inayotoka ni moto kuliko plastiki na plastiki hupata moto kuanzia nje kwenda ndani. Sikiliza mikono. Mwanzoni paipu inakataa kabisa. Baadaye inakubali kidogo huku ikitaka kurudi, na hapo ndipo watu wengi hukosa subira na kuikunja. Endelea kuzungusha. Legeza mkono mmoja: ncha ikianza kuinama yenyewe kwa uzito wake, kama tambi iliyokaribia kuiva, ndiyo tayari. Ikibidi utumie nguvu, irudishe kwenye moto. Ukiona vipovu vidogo ndani ya ukuta wa paipu, umepitiliza, na kipande hicho hakirudi kuwa safi. Akriliki iliyokaa mahali penye unyevu hutoa vipovu mapema zaidi, kwa hiyo ihifadhi pakavu na uipashe taratibu.

Mpira wa silikoni kazi yake ni kuuzuia ukuta usiingie ndani, na hauwezi kufanya hivyo kama unacheza. Hakikisha ni ule wa paipu ya 10, uingie kwa kubana kidogo. Uloweshe kwa maji yenye matone ya sabuni ya vyombo, usitumie mafuta, maana mafuta yataishia kwenye maji ya kupozea. Acha kipande kirefu kitokeze nje ili upate pa kuvutia. Na usiuvute paipu ikiwa bado ya moto, utaivuta kona pamoja nao.

Kukunja kwenyewe ni kwa haraka kuliko maandalizi. Zungushia paipu kwenye kitu cha mviringo chenye nusu kipenyo unachotaka, au ikunje hewani halafu uilinganishe na kona ya meza, kisha ishike bila kuigusa-gusa mpaka ipoe. Ukiiachia ingali vuguvugu itafunguka kwa digrii chache. Kufuta kwa kitambaa chenye unyevu ili ipoe upesi ni sawa kwa PETG. Akriliki iache ipoe yenyewe, kwa sababu kuipoza ghafla kunabakiza mkazo ndani ya plastiki. Baadaye mtu anaisafisha kwa spiriti, na nyufa nyembamba kama nyuzi zinajichora palepale kwenye kona. Akriliki ioshe kwa maji na sabuni tu.

Kona iliyokataa usiitupe. Ipashe tena yote, paipu itajirudisha yenyewe karibu na unyoofu wake. Mara moja inavumilia vizuri. Ukirudia-rudia, inafifia na ukuta unakuwa haulingani.

Sasa hizo kona mbili. Kinachokusumbua ni ulalo. Kabla ya kupasha chochote, chora mstari mmoja wa kalamu ya wino usiofutika kwa urefu wote wa paipu. Kunja kona ya kwanza, iache ipoe kabisa, halafu pima kutoka hapo mpaka katikati ya kona ya pili na uweke alama. Ukipasha ya pili, ile ya kwanza ikae mbali na upepo wa blowa, kwa sababu ikipata moto tu itaanza kunyooka. Kama zimekaribiana mno, izungushie karatasi ya alumini. Ukishakunja, laza paipu yote kwenye meza iliyonyooka na uikandamize kwa kiganja ingali laini. Meza ndiyo itakayokunyoshea ulalo. Kona zinazoelekea pande tofauti, moja mbele na nyingine juu, ndizo ngumu kweli. Hapo mimi hukunja moja na ya pili nikaitengeneza kwa fitingi ya elbo, yaani kiungio cha pembe. Kuna watu wanaona hiyo ni aibu, lakini maji hayajui tofauti.

Usikate kabla ya kukunja. Acha sentimita tano au zaidi kila ncha, kunja, kisha ipeleke paipu kwenye kompyuta uilinganishe na fitingi. Kumbuka paipu huingia ndani ya fitingi, kama sentimita moja, na kila aina ina kina chake, kwa hiyo pima fitingi yako. Kata kwa msumeno wa meno madogo, wima kabisa. Kikata bomba cha gurudumu kiache, hasa kwa akriliki, kinaipasua. Baada ya hapo piga msasa na uondoe ncha kali, ndani na nje, mpaka ukingo wa nje uwe na mteremko mdogo. Ukingo mkali unakata oringi, ile pete ya mpira ndani ya fitingi inayozuia maji, wakati unasukuma paipu, na oringi iliyokatwa si lazima ivuje siku hiyo hiyo. Inaweza kusubiri mpaka umeshafunga kila kitu. Lowesha oringi kwa maji, sukuma paipu moja kwa moja bila kuipinda. Ikiwa lazima uivute kwa nguvu ili ifike kwenye fitingi, paipu hiyo haijakaa sawa, kunja nyingine.

Majaribio: kama una pampu ya mkono yenye geji, jaza hewa kwenye mfumo mpaka shinikizo la nusu baa, usizidishe, uone kama mshale unashuka. Kisha maji, huku pampu peke yake ikipata umeme. Plagi ya pini 24 ya pawasaplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) itenganishe na ubao mama, unganisha waya wake wa kijani na mweusi wowote ili pawasaplai iwake, na uweke karatasi za tishu chini ya kila fitingi.

Umeuliza pia kama uhamie akriliki. Kwa anayejifunza, hapana: PETG inakatika bila kupasuka na inakunjika kwa moto mdogo. Ila udhaifu wake ni huo huo. Maji yakifika nyuzi 60 paipu huanza kulegea kwenye fitingi, na pampu ikisimama kompyuta ikiwa kazini haichukui muda kufika huko. Weka kihisi joto kwenye maji, na uiseti kompyuta ijizime maji yakifika 50.