Kujivuna na kujivunia: swali la bango la mahafali

Msomaji mmoja wa Kisauni ameniuliza hivi: anaandaa bango la mahafali ya shule, kaandika "Shule yetu inajivuna kuwa na wanafunzi hodari", mwalimu mmoja akamwambia hapo umeitukana shule. Anataka kujua kosa liko wapi, na tena si majivuno, kiburi na maringo ni kitu kimoja tu?

Dada yangu, mwalimu ana haki. Kujivuna ni kujiona, mtu kujitia ukubwa na kujisifu mbele ya wenziwe, na hapa Mombasa ukisikia "fulani yuwajivuna" ujue hapo hasifiwi mtu. Wewe ulikua wataka kujivunia. Ni hiyo i moja tu iliyopotea lakini ndio imebeba maana yote, manake kujivunia lazima kuwe na kitu ama mtu unayemwonea fahari: mama anajivunia mwanawe aliyehitimu, Mombasa inajivunia Fort Jesus. Kujivuna sifa zote zinamrudia mwenyewe, anajivuna basi, au utasema anajivuna kwa mali yake. Angalia lakini, hata kujivunia hugeuka lawama ukiweka kitu kibaya mbele yake, ukisema "anajivunia pesa za babake" hujamsifu hapo.

Jina lake ni majivuno, "majivuno yake yamezidi", usiandike jivuno.

Kiburi ni kizito zaidi, tena hapa ndipo watu wanachanganya sana. Neno limetoka kwa Kiarabu na wengi pwani bado tunasema kibri. Waliopita madrasa watakumbuka hadithi ya yule aliyemuuliza Mtume kuhusu mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, akajibiwa kwamba Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hivyo kanzu mpya ya Idi si kiburi hata ikimeta vipi, lakini mtoto kuitwa na mamake, amesikia vizuri kabisa, na haitiki, hicho ndio kiburi. Na mtu mzima akionyeshwa kosa lake wazi akakataa kwa sababu aliyemwonyesha ni mdogo kwake, ni kiburi hicho hicho.

Maringo yako mwilini, kwa mwendo na vile leso inavyotupwa begani, unayaona hata ukiwa ng'ambo ya barabara, na wala si mabaya kila mara, bibi harusi akiringa watu wanampigia vigelegele. Yakiingia dharau, mtu akakubetulia mdomo na kukuangalia kutoka miguuni mpaka kichwani, hapo sisi twasema ana nyodo.

Bango liandike "Shule yetu inajivunia wanafunzi wake hodari", hiyo "kuwa na" itoe kabisa, haina kazi. Na mwalimu mkuu kwenye hotuba yake akipenda aseme "tunawaonea fahari wanafunzi wetu", ni sawa pia.