Kwa nini CT na DEXA havikubaliani kuhusu mifupa ya mama

Dada, pole na mkanganyiko huo. Umesema mama ana miaka 71, CT (eksirei inayozunguka mwili na kutoa picha za vipande) ya uti wa mgongo imeonyesha uzito wa mifupa umepungua sana, lakini DEXA (eksirei maalumu ya kupima uzito wa mifupa) ikasema upungufu ni wa wastani. Mashine zote mbili zinaweza kuwa nzima kabisa.

Angalia mfupa wa paja la ng'ombe uliopasuliwa buchani: ule ute mweupe wa ndani ni uboho uliojaa mafuta. Pingili zetu ujanani zina uboho mwekundu mwingi, na kadiri umri unavyosonga mafuta huchukua nafasi yake. CT husoma kwa pamoja mfupa na uboho ulio katikati ya vijitundu vyake. Katika kipimo chake maji ni 0, mafuta ni takriban -100. Kwa hiyo mafuta huvuta jibu chini, na mfupa huonekana mwepesi kuliko ulivyo. CT ya nishati mbili, yaani inayopiga kwa eksirei za nguvu mbili tofauti, hupunguza kosa hilo. DEXA nayo huguswa, ila kidogo.

Mwulize daktari CT ilikuwa ya nishati moja au mbili. Kama mama aliwahi kupigwa mionzi ya saratani ya nyonga, mwambie, kwani mionzi huugeuza uboho kuwa mafuta. Na kile kikomo cha -2.5, alama ambayo kuanzia hapo kushuka mtu huhesabiwa ana ugonjwa wa mifupa dhaifu, ni cha DEXA. Msikitumie kusoma CT ya mgongo. Tafadhali, kama anatumia dawa za mifupa, asiache kwa sababu ya tofauti hii.