Jibu: Kuchaji usiku gereji au mchana stendi?

Ndugu, umeuliza kama sacco yenu yenye mabasi 5 ya umeme hapa Nairobi ichaji usiku gereji au iweke chaja kubwa stendi. Mimi ningeanza na usiku. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, mwaka 2023 ilitoa bei ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti (kilowati-saa moja), na 8 kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo ilitolewa na mpaka wa uniti 15,000 kwa mwezi, kwa hiyo ulizeni ya sasa na mpige hesabu kabla ya kuongeza magari.

Ila msichomeke yote kwa mpigo! Kila basi likihitaji uniti 100, kwa saa nane ni wastani wa kilowati 63 tu kwa yote matano. Yote matano yakivuta kwa pamoja kilowati 50 kila moja ni 250, na transfoma ya kubeba huo mzigo ndiyo itawamaliza. Tafuteni chaja zinazogawana umeme zenyewe.

Mchana jazieni kidogo abiria wakipungua. Mtindo wa mabasi ya Geneva, Uswisi, kilowati 600 kwa sekunde chache kituoni, unafaa ruti isiyobadilika, si matatu inayokodiwa harusi kila Jumamosi.